Takataka Zetu Zisifuate Njia ya Mafuta

Wasee, leo tuongee takataka. Najua mada yenyewe haina mvuto na kuna mtu tayari anataka kupita aende kuangalia video za densi. Tulia kidogo. Ndani ya hizo takataka kuna moto wa kupikia, kuna doo, na kuna swali ambalo sisi wa Turkana limetushinda mara tatu sasa: nishati ikitoka kwetu, nani hukula?

Hebu tuhesabu.

Mara ya kwanza ilikuwa maji. Bwawa la Turkwel lilianza kutoa stima mwaka wa 1991, megawati 106. Mto huo huo ndio unaopita Lodwar mjini. Lakini stima yake ilipanda kwenye nyaya ikaelekea kusini, na Lodwar ikabaki miaka na miaka ikiwashwa na jenereta za dizeli.

Mara ya pili ilikuwa upepo. Mwaka wa 2019 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mradi wa Lake Turkana Wind Power kule ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit. Mitambo 365, megawati 310, laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Jina la ziwa letu liko kwenye mradi, lakini stima ilipita ikaenda zake.

Mara ya tatu ni mafuta. Kisima cha Ngamia 1 kilitangazwa 2012 na kila mtu akaanza kuota Dubai. Mwaka wa 2018 malori yakaanza kubeba mafuta ghafi kutoka Lokichar hadi Mombasa, wananchi wakafunga barabara wakidai usalama na haki yao, malori yakasimama, kisha yakaendelea. 2019 meli ya kwanza ikaondoka. Mwaka huo huo Sheria ya Petroli ikasema kaunti ipate asilimia 20 ya mgao wa serikali, na jamii asilimia 5. Tano, wasee. Na hiyo tano ililetewa mjadala wa miaka kana kwamba tunaomba sadaka.

Maji, upepo, mafuta. Na mama wa Kaaleng bado anapikia mawe matatu, kwa kuni alizozifuata mbali.

Mara ya nne iko mlangoni, na safari hii inanuka.

Msimamo wangu ni huu. Takataka za nyumba zetu, Lodwar, Kakuma, hadi huko Kaaleng, zinaweza kugeuzwa makaa ya kuuza. Si ndoto, imeshafanywa Kenya hii, na hata Kakuma yenyewe ilijaribiwa. Lakini tuiwekee masharti sasa, ikiwa bado biashara ndogo ya mtaani, kabla mtu mmoja hajapewa yote kwa tenda na sisi tukabaki kuitwa "wadau".

Kwanza tuache ndoto za megawati. Ukitaja nishati ya takataka, wanasiasa wetu huona mtambo mkubwa, bomba refu la moshi, na utepe wa kukata. Kuna mtambo kama huo Addis Ababa, unaitwa Reppie, ulifunguliwa Agosti 2018 ukiwa umejengwa kuchoma hadi tani 1,400 za taka kwa siku. Addis ni jiji la mamilioni. Lodwar kwenye sensa ya 2019 ilikuwa na watu zaidi ya elfu 80 tu. Hata tukiziokota zote hadi karatasi ya mwisho ya peremende, mtambo wa aina hiyo utalala njaa. Na tuangalie Nairobi: jaa la Dandora lilitangazwa kujaa tangu 2001, mipango ya kujenga mtambo wa stima pale imetangazwa na kutangazwa tena, na malori bado yanamwaga taka.

Pili, tuache kunakili biogesi ya watu wa milimani. Biogesi ni kitu kizuri sana ukiwa na ng'ombe zizini na maji kwenye bomba, kwa sababu samadi unaikoroga na maji karibu kiasi sawa. Sasa hebu mwambie mama aliyepanga foleni ya mtungi kwa saa tatu kwamba nusu ya maji hayo ni ya kukoroga samadi. Atakuangalia tu. Halafu maganda ya chakula yenyewe hatuna. Ganda la viazi Lodwar halifiki jalalani, mbuzi wameshalimaliza mlangoni.

Kwa hivyo tuulize vizuri: nyumba ya Turkana inatupa nini haswa?

Inatupa plastiki. Inatupa jivu. Inatupa maboksi. Inatupa chenga za makaa, lile vumbi jeusi linalobaki chini ya gunia. Uani kuna samadi ya mbuzi. Na kuna choo. Karibu zote ni kavu. Watu wa Kisumu wakiona jua letu wanatuonea huruma, lakini kwa hii kazi jua ndilo mtaji. Taka kavu na jua kali maana yake ni makaa ya kubonyezwa, yale yanaitwa briketi.

Tuanze na chenga. Wanaofuatilia biashara ya makaa Afrika wanakadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 20 ya makaa huvunjika na kuwa vumbi kabla ya kufika jikoni: kwenye tanuri, kwenye lori, kwenye gunia, kwenye mkebe wa kupimia. Zunguka nyuma ya vibanda vya makaa Lodwar au Kakuma utaona rundo jeusi. Lile rundo ni mti uliokwisha kukatwa. Labda ni mathenge, ambao hakuna atakayeulilia. Labda ni ewoi, ambao maganda yake yanalisha mbuzi kiangazi na kivuli chake ndicho ukumbi wa wazee. Mti umeshakufa, moto wake tumeutupa kwenye laga, na kesho tunakata mwingine.

Kutengeneza briketi hakuhitaji digrii. Unachekecha chenga, unatoa mawe na mchanga. Unaponda. Unatafuta kitu cha kushikanisha. Hapa ndipo mafunzo mengi hukosea, kwa sababu wanakuja na uji wa unga kama gundi. Kwa kaunti ambayo mtoto analala njaa, unga ni wa kula, kwisha. Sisi tuna maboksi. Kila duka Kakuma lina maboksi. Loweka boksi kwa maji yaliyokwisha kufulia, lipondeponde hadi liwe rojo, changanya na chenga, bonyeza kwa mashine ya mkono, anika. Siku chache za jua la Turkana, kazi imeisha.

Plastiki haiingii hapo. Nasema tena: plastiki haiingii. Ukichoma plastiki kwenye jiko unampikia mtoto wako sumu. Hiyo itengwe iende kwa wanaonunua plastiki ya kuyeyusha. Na pia tusidanganyane, briketi nazo zinatoa ile hewa chafu ya kaboni kama makaa mengine. Usilale nazo ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama hazionyeshi moshi.

Sasa twende chooni. Ndiyo, najua. Vumilia.

Kakuma ni kambi tangu 1992. Watu wengi, vyoo vya shimo, vikijaa unafukia unachimba kingine, hadi mahali pa kuchimba panaisha. Miaka ya 2010 kampuni moja inayoitwa Sanivation, iliyoanzishwa na wahandisi Emily Woods na Andrew Foote, ilifanya jaribio hapo kambini ikishirikiana na mashirika ya misaada: vyoo vyenye chombo cha kuondolewa, kinyesi kinakusanywa, kinapashwa kwa joto la jua hadi vijidudu vife, kisha kinachanganywa na makaa ya kusaga na kubonyezwa kuwa briketi. Kikisafishwa na kuchanganywa vizuri, hakinuki kwenye jiko. Hii si kazi ya kufanyia nyumbani kwako, inahitaji vipimo vya joto na glavu na watu waliofunzwa. Lakini ilionyesha kwamba Kakuma si mahali pa kupokea teknolojia baada ya kila mtu. Ilikuwa kati ya mahali pa kwanza.

Kisha angalia ilikoenda. Nakuru, kampuni ya maji ya mji ilianzisha Nawasscoal, inakausha uchafu wa vyoo, inauchoma bila hewa, inachanganya na makaa ya vumbi la mbao, na kuuza vidonge vya makaa kwa jina Makaa Dotcom. Jina tu limeshinda aibu nusu. Naivasha, Sanivation ilishirikiana na kampuni ya maji ya mji na baadaye ikaegemea magogo ya kubonyeza kwa ajili ya viwanda vinavyochoma kuni nyingi.

Kwa nini viwanda? Hapa ndipo somo la pesa lilipo. Mama mtaani ananunua mkebe mmoja, kesho hana pesa, keshokutwa amepata kuni. Huwezi kulipa vijana wanane mshahara kwa kutegemea mkebe wa leo. Kiwanda kinanunua tani, kinaandika mkataba, kinalipa mwisho wa mwezi. Vikundi vingi vya vijana vinapewa mashine ya briketi, vinapigwa picha na mgeni, halafu mashine inageuka kiti cha kuku. Mashine haikuwa mbaya. Mteja mkubwa hakuwepo.

Sisi hatuna viwanda vya chai. Lakini sufuria kubwa tunazo. Shule za bweni zinapika githeri kwa kuni kila siku ya muhula. Kuna hospitali. Kuna kambi, ambako kuni za kugawiwa wakimbizi zimekuwa zikinunuliwa kutoka kwa wenyeji kupitia shirika la LOKADO, maana yake ni kwamba njia ya kumlipa mwanakijiji kwa kitu cha kuwasha moto tayari iko. Na kuna sufuria moja ambayo hakuna mtu anaiongelea: uji wa chekechea.

Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti. Kuondoa taka na kusimamia majaa: kaunti. Elimu ya chekechea: kaunti. Polytechnic za vijijini: kaunti. Sasa unganisha mwenyewe. Serikali ile ile inayotakiwa kuokota taka ndiyo inayowapikia watoto wa chekechea, na ndiyo yenye vyuo ambavyo vijana wanajifunza kuchomelea vyuma na wanaweza kuunda mashine ya kubonyeza. Mtoaji taka, fundi na mnunuzi wako kwenye ukurasa mmoja wa Katiba. Hatuhitaji mwekezaji kutoka mbali atukutanishe.

Na tangu 2022 kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Inataka taka zitengwe kuanzia nyumbani na kaunti ziwe na vituo vya kuzichambua. Kwa hivyo mwenye kukuambia "hakuna sera" hajasoma, ama anajua umekosa kusoma.

Turudi kwa swali la nani hukula.

Siku biashara hii ikionekana ina faida, utaona koti na tai zikishuka Lodwar. Kampuni moja itapewa haki ya taka zote za mji. Yule jamaa anayesukuma mkokoteni, yule mama anayeokota chenga nyuma ya vibanda, wataambiwa wanaiba mali ya mwenye tenda. Unacheka? Takataka ni za bure mpaka siku zitakapopata bei, na siku hiyo zitapata mwenyewe. Tuamue mapema mwenyewe ni nani.

Mimi nataka masharti manne.

Moja, mzani. Kila wadi ya mjini iwe na kituo chenye mzani unaoonekana, ulete chenga, boksi, samadi kavu, zipimwe, ulipwe kwa kilo, kwa simu, siku hiyo hiyo. Si "mwezi ujao donor akituma".

Mbili, umiliki. Vikundi vya akina mama na vijana wanaokusanya wawe na hisa kwenye kiwanda kidogo chenyewe. Na tusianze mazungumzo kwa asilimia 5. Tulishajifunza tano inaonekana vipi.

Tatu, mkataba wa kununua. Kaunti iandike kwamba sehemu fulani ya moto wa chekechea na hospitali itatoka kwa briketi za hapa, kwa bei inayojulikana, kwa miaka kadhaa. Mkataba huo una thamani kuliko mashine ishirini za kupewa.

Nne, usalama. Glavu, buti, barakoa ya vumbi. Watoto wasiwe kwenye jaa. Na mambo ya choo yabaki kwa waliofunzwa.

Najua mtaniuliza nini. "Si solar iko?" Iko, na naipenda. Kalobeyei ina gridi ndogo za jua zinazowasha maduka na kuchaji simu. Lakini uliza maharagwe yanachukua saa ngapi kuiva, kisha uangalie hiyo paneli ya nyumbani kwenu. Solar ndogo ni ya taa. Sufuria bado iko kwenye makaa. "Na gesi?" Kama unaweza kununua gesi na kuijaza, pika na gesi, ni safi zaidi, sitakudanganya. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zinapikia kuni. Kenya nzima hiyo, na Nairobi ikiwemo. Huko kwetu mtungi wa gesi unasafiri mbali, na bei inasafiri nao. Tukingoja gesi ifike Kaaleng kwa bei ya mama wa kawaida, hiyo ewoi ya mwisho itakuwa imeshakuwa majivu.

Mwingine atasema kazi ya taka ni ya chokoraa. Hii ndiyo inaniudhi kabisa. Manze, tunaona aibu kushika vumbi la makaa, lakini hatuoni aibu mvua ikinyesha na laga ya Kawalase ikibeba takataka zetu kuzipeleka kwa jirani. Hatuoni aibu kuona mbuzi akila mfuko. Kuni zimewahi kuleta ugomvi kati ya wenyeji na wakimbizi Kakuma, watu wameumizana kwa sababu ya matawi. Aibu ingekuwa huko. Kijana aliyejaa masizi mikononi na mia tatu kwa simu hana aibu yoyote ya kubeba.

Nikubali pia kwamba hii haitamaliza kila kitu. Chenga za mji mzima haziwezi kuchukua nafasi ya kuni zote za kaunti ya watu zaidi ya laki tisa. Kaaleng ni ndogo, rundo lake la chenga ni dogo, na kusafirisha briketi kutoka Lodwar hadi huko kunaweza kula faida yote. Ndiyo maana sitaki kiwanda kimoja kikubwa. Nataka mashine ndogo nyingi, kila moja karibu na sufuria yake. Kaaleng ipikie chekechea yake kwa samadi na chenga zake. Kakuma ipike na maboksi yake. Nishati isiyosafiri mbali ni ngumu kuibiwa.

Uchaguzi ni 2027. Watakuja na kofia na fulana, watatuuliza tunataka nini, na tukisema "ajira kwa vijana" watatikisa kichwa waende. Tusiseme hivyo tena. Tuwaulize vitu vitatu: Mzani utakaa wapi? Chekechea itanunua kilo ngapi kwa muhula? Kikundi cha wakusanyaji kitamiliki asilimia ngapi? Anayejibu kwa hadithi ya mwekezaji, muache aendelee na safari yake.

Na wewe, leo jioni, tafuta magunia mawili. Moja la plastiki, lingine la chenga na maboksi. Usimwage tena chenga kwenye laga. Ongea na wenzako wa mtaa, muwe kikundi chenye jina kwenye karatasi ya Huduma za Jamii kabla biashara haijawa kubwa, kwa sababu tenda haizungumzi na mtu asiye na cheti.

Maji yalipita, upepo ukapita, mafuta yakapita kwa lori. Hizi takataka bado ziko mlangoni kwetu. Safari hii mzani uwe wetu kabla lori halijafika.